Upepo Hauna Mwenyewe, Ardhi Ina Wenyewe: Masharti ya Matumizi ya Ardhi na Umeme wa Upepo

Umeme wa upepo wa nchi kavu huzalishwa na mitambo inayosimikwa ardhini, tofauti na ile inayojengwa baharini. Masharti ya matumizi ya ardhi ni sheria, ramani, vibali na vipimo vya umbali vinavyoamua mitambo hiyo isimame wapi, isisimame wapi, na nani aulizwe kwanza. Mambo haya mawili hufuatana tangu siku ya kwanza ya mradi. Mhandisi anaweza kupima upepo mwaka mzima juu ya mlingoti, akapata namba za kuwafurahisha wenye benki, kisha mradi ukafia kwenye shamba la viazi. Hilo limewahi kutokea Kenya, katika Kaunti ya Nyandarua, na tutalifikia.

Ardhi inayokaliwa na ardhi inayoshikwa

Swali la kwanza la mwanakijiji ni hili: mtambo mmoja unakula ardhi kiasi gani? Jibu linategemea kinachopimwa. Mwaka 2009 maabara ya taifa ya nishati jadidifu ya Marekani, NREL, ilichunguza mashamba mengi ya upepo ya nchi hiyo na kutoa wastani wa aina mbili. Ardhi inayofunikwa moja kwa moja na msingi wa zege, barabara, kiwanja cha kreni na vyumba vya mitambo ilikuwa takriban hekta 0.3 kwa kila megawati. Ardhi yote iliyo ndani ya mipaka ya mradi ilikuwa takriban hekta 34 kwa megawati, na miradi mingi iliangukia kati ya hekta 12 na 56. Kwa hiyo kila hekta moja iliyofunikwa ilikuwa na zaidi ya hekta 100 zilizozungushiwa mpaka.

Tofauti hiyo inatokana na upepo wenyewe. Mapanga yakishachuma nguvu ya upepo, nyuma yake huacha hewa dhaifu yenye misukosuko, na mtambo wa pili ukiwekwa karibu utaambulia makombo. Ndiyo maana wahandisi huacha nafasi ya mara 5 hadi 9 ya kipenyo cha mzunguko wa mapanga kwa kufuata uelekeo wa upepo, na mara 3 hadi 5 kwa upana. Mapanga yenye kipenyo cha mita 100 yanadai nusu kilomita, wakati mwingine karibu kilomita nzima, kati ya safu na safu.

Katikati ya safu hizo nyasi huota na mifugo hula. Milima ya Ngong, ambako mitambo miwili ya kwanza ya Kenya ilisimikwa mwaka 1993 kwa msaada wa Ubelgiji, inaonyesha jambo hili wazi. Kampuni ya kuzalisha umeme ya KenGen iliongeza mitambo hapo mpaka kituo kikafikia megawati 25.5. Mtu anayepanda kutoka mji wa Ngong hukuta minara myeupe juu ya mgongo wa mlima, mbuzi wakila nyasi chini yake, na watembeaji waliotoka Nairobi wakipita kandokando. Ukiegemea karibu na mlango wa chuma ulio chini ya mnara unasikia mngurumo mdogo wa ndani, na juu yake panga baada ya panga likikata hewa: vuum, vuum, vuum. Mbuzi hawainui hata kichwa.

Lakini nyasi kuwapo hakumaanishi kwamba ardhi ni huru. Ndani ya mpaka wa mradi, mwenye ardhi kwa kawaida huzuiwa kujenga ghorofa, kupanda miti mirefu ya kukinga upepo, kuchimba karibu na nyaya zilizofukiwa, au kumkodisha mtu mwingine eneo lilelile. Haya nayo ni masharti ya matumizi ya ardhi, ingawa hayaandikwi katika gazeti la serikali. Yamo katika mkataba wa kukodi, mara nyingi kwa Kiingereza, ukurasa wa 20 na kuendelea. Masharti yana pande mbili basi. Yapo yanayoubana mtambo ili jirani asidhurike, na yapo ambayo mtambo unamwekea jirani. Vitabu vingi vya nishati hueleza upande wa kwanza tu, na kwa maoni yangu hapo ndipo migogoro mingi ya Afrika Mashariki inapoanzia.

Kwa nini mtambo unawekewa mipaka

Sababu ya kwanza ni kelele. Mtambo mkubwa hutoa takriban desibeli 105 pale juu penye mapanga, na sauti hupungua kadiri mtu anavyokaa mbali. Ujerumani inaruhusu desibeli 40 usiku katika maeneo ya kawaida ya makazi na 45 katika vijiji vyenye mchanganyiko wa shughuli. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 ni kali zaidi, kwani makazi yamewekewa desibeli 35 usiku. Sababu ya pili ni kivuli: jua likiwa chini, mapanga yanayozunguka hukata mwanga na kuifanya nyumba iwake na kuzima, iwake na kuzima. Utaratibu wa Kijerumani unaweka kikomo cha dakika 30 kwa siku na saa 30 kwa mwaka kwa kila nyumba. Kisha kuna njia za ndege, mawimbi ya simu, na rada za jeshi. Mashariki mwa Ufini kuna mitambo michache mno kwa sababu jeshi linahofia mapanga yatachafua picha ya rada zake upande wa mpaka wa Urusi.

Ndege wa angani ni sura ya peke yake. Tumbusi na tai hupanda juu kwa kutumia hewa moto na upepo uleule unaotafutwa na mhandisi, tena huruka wakitazama chini, wakitafuta mzoga. Panga lililo mbele hawalioni. Ndege hawa kwa kawaida huzaa kifaranga mmoja kwa mwaka, na wengine hupitisha mwaka bila kuzaa, kwa hiyo vifo vichache tu vinatosha kupunguza kundi zima.

Kati ya masharti yote, yanayoeleweka vibaya zaidi ni umbali wa lazima kutoka kwenye nyumba. Watu huongeza mita kama wanaoongeza chumvi. Hesabu yake haiko hivyo, kwa sababu umbali unapoongezeka mara mbili, eneo linalokatazwa huongezeka mara nne. Nyumba moja ikizungushiwa mita 500 inafunga hekta 78 hivi. Ikizungushiwa kilomita moja inafunga 314, na kilomita mbili zinafunga 1,257. Katika nchi yenye nyumba zilizotawanyika mashambani, kama Bavaria au nyanda za juu za Kenya, duara hizo hugusana na kupandana mpaka ramani yote ikawa nyekundu. Aliyetunga sheria anaweza kuwa hakutamka neno "marufuku" hata mara moja.

Ulaya: mita zilizokuwa marufuku

Bavaria ilifanya hivyo hasa. Mwaka 2014 jimbo hilo la kusini mwa Ujerumani lilipitisha kanuni ya 10H: mtambo ukae mbali na makazi kwa mara kumi ya urefu wake. Mtambo wa mita 200 ulihitaji kilomita mbili. Maombi ya vibali yakaanguka karibu na sifuri. Kanuni hiyo pia iliadhibu maendeleo ya ufundi, kwa kuwa mtambo mrefu huzalisha zaidi na hupunguza idadi ya minara inayohitajika, lakini kwa 10H kadiri ulivyokuwa mrefu ndivyo ulivyokosa mahali. Poland iliweka kanuni kama hiyo mwaka 2016, ikailegeza hadi mita 700 mwaka 2023. Mswada wa kuishusha mpaka mita 500 ulipigiwa kura ya turufu na rais Agosti 2025.

Uingereza ilifika mahali palepale kwa njia ya maneno. Juni 2015 serikali ilitangaza kwamba mradi wa upepo katika England ukubaliwe tu pale eneo limeshatajwa katika mpango wa wilaya na hofu za wakazi zimeshughulikiwa kikamilifu. Neno "kikamilifu" lilibeba uzito wote. Mkazi mmoja asiyeridhika alitosha kuutilia mradi shaka. Ujenzi karibu ukasimama kwa miaka tisa, hadi Julai 2024 serikali mpya ilipoyafuta maneno hayo siku chache baada ya kuingia madarakani.

Ujerumani kwa ujumla imebadili mwelekeo. Sheria iliyoanza kutumika Februari 2023 inayataka majimbo yatenge asilimia 1.4 ya ardhi ya nchi kwa ajili ya upepo kufikia mwisho wa 2027, na asilimia 2 kufikia mwisho wa 2032. Wakati sheria hiyo inatungwa, ardhi iliyotengwa kwenye karatasi ilikuwa takriban asilimia 0.8, na iliyoweza kutumika kweli kama asilimia 0.5. Hapo swali limegeuzwa. Zamani mwombaji alipaswa kuthibitisha kwamba eneo lake linafaa, sasa ni jimbo linalopaswa kuonyesha maeneo yake yako wapi, na jimbo lililoshindwa kutimiza fungu lake linapoteza uwezo wa kuzuia mitambo kwingineko. Bavaria nayo ililegeza 10H mwishoni mwa 2022. Naona hii ndiyo njia safi kuliko zote: ramani ichorwe kwanza, hadharani, kabla ya kampuni yoyote kupiga hodi.

Nani mwenye kauli juu ya ardhi: Kenya na Tanzania

Huko Ulaya swali kubwa ni umbali. Kwetu swali kubwa ni nani mwenye ardhi na nani anaweza kusaini kwa niaba yake.

Katiba ya Kenya ya 2010 inagawa ardhi katika makundi matatu: ya umma, ya jamii na ya binafsi. Kifungu cha 66 kinaipa serikali mamlaka ya kudhibiti matumizi ya ardhi yoyote kwa ajili ya ulinzi, usalama, afya au mipango. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema mkataba wa uwekezaji katika ardhi ya jamii lazima ukubaliwe na theluthi mbili ya watu wazima waliohudhuria mkutano wa jamii ulioitishwa kwa jambo hilo, na mkutano wenyewe uwe na akidi ya theluthi mbili ya watu wazima wa jamii hiyo. Juu ya hapo kuna tathmini ya athari kwa mazingira inayosimamiwa na mamlaka ya taifa ya mazingira, NEMA, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 katika ngazi ya kaunti. Kwenye karatasi, ulinzi upo.

Nchini Tanzania ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, nayo imegawanywa kuwa ya jumla, ya kijiji na ya hifadhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, inaeleza jinsi ardhi ya kijiji inavyohamishwa kuwa ya jumla ili mwekezaji apewe. Eneo lisilozidi hekta 250 huamuliwa na mkutano mkuu wa kijiji, na likizidi hapo uamuzi ni wa Waziri, baada ya kijiji kutoa maoni. Tupime kwa wastani wa hekta 34 kwa megawati. Shamba la kwanza la upepo la Tanzania, lile la Mwenga katika Wilaya ya Mufindi lililoanza mwaka 2020, lina megawati 2.4, sawa na hekta kama 82. Kijiji kingetosha kuamua. Mradi wa megawati 100, wa aina iliyopangwa kwa muda mrefu kule Singida, ungehitaji hekta kama 3,400, yaani zaidi ya mara kumi na tatu ya kikomo cha kijiji. Kila mradi mkubwa wa upepo basi huvuka mikono ya mkutano mkuu. Isitoshe, ardhi ikishaitwa ya jumla hairudi yenyewe kuwa ya kijiji hata mitambo ikizeeka na kung'olewa. Kijiji chenye mpango wa matumizi bora ya ardhi uliosajiliwa kabla, wenye njia za mifugo, vyanzo vya maji na maeneo ya kuchunga yaliyochorwa na kupimwa, huwa na hoja ya kuweka mezani. Kisicho nao huwa na malalamiko tu.

Marsabit: ekari 150,000

Kusini-mashariki mwa Ziwa Turkana, katika Kaunti ya Marsabit nchini Kenya, kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiru, upepo hupita kama maji katika mfereji. Nyanda za juu za Ethiopia huubana upande mmoja na zile za Kenya upande wa pili, nao hukimbia karibu mwaka mzima kutoka kusini-mashariki kwa wastani wa takriban mita 11 kwa sekunde. Ni miongoni mwa upepo bora wa nchi kavu duniani. Wenyeji wameujua kabla ya kipimo chochote. Vibanda vyao ni vya duara na vifupi, vimefumwa kwa fito na makuti ya mikoche na kuzibwa kwa ngozi au magunia, na mtu huingia akiwa ameinama. Nyumba ndefu haidumu pale.

Hapo ndipo ilipojengwa Lake Turkana Wind Power: mitambo 365, kila mmoja wa kilowati 850, jumla megawati 310. Mapanga yana kipenyo cha mita 52 na ncha yake haifiki mbali kupita mita 70, udogo uliochaguliwa kwa sababu ya ukali wa upepo na ugumu wa kusafirisha vipande vikubwa kupitia jangwa. Barabara ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Laisamis ilibidi itengenezwe kwanza. Mradi ulizinduliwa rasmi Julai 2019 na umekuwa ukitoa zaidi ya asilimia 10 ya umeme wa Kenya. Haya ni mafanikio ya kweli, na anayeyadharau hajui gharama ya dizeli iliyokuwa ikichomwa.

Ardhi ile, hata hivyo, ni malisho ya Warendille, Wasamburu, Waturkana na Waelmolo. Kabla ya 2010 iliitwa ardhi ya amana, ikishikiliwa na baraza la kaunti ya Marsabit la wakati ule kwa niaba ya wakazi. Sheria ya zamani ilitaka hatua kadhaa kabla ya ardhi ya amana kutengwa kwa matumizi mengine: bodi ya ardhi ya eneo ikae, tangazo litolewe, wakazi wasikilizwe, fidia ilipwe. Mwaka 2009 kampuni ilipata hati za ekari 150,000 kwa kipindi cha miaka 33, chenye uwezekano wa kuongezwa hadi 99.

Turudi kwenye hesabu yetu. Ekari 150,000 ni takriban hekta 60,700. Kwa wastani wa NREL, megawati 310 zingehitaji hekta kama 10,500. Hata tukichukua ukingo wa juu, hekta 56 kwa megawati, tunapata hekta 17,400, ambazo ni ekari 43,000 hivi. Na kweli eneo lenye mitambo yenyewe lina ekari kama 40,000. Zimebaki ekari 110,000. Hizo haziwezi kuelezwa kwa fizikia ya nafasi kati ya mapanga, na hati ilizishika sawa na zile zenye minara. Mfugaji anaweza kuendelea kupitisha ngamia humo kwa ruhusa. Tofauti ni kwamba jana alipita kwa haki, leo anapita kwa hisani.

Oktoba 2014 wakazi walikwenda mahakamani. Tarehe 19 Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Meru iliamua kwamba hati zilipatikana kinyume cha utaratibu na kinyume cha sheria, ikawapa wahusika mwaka mmoja kurekebisha, la sivyo hati zifutwe na ardhi irudi kwa jamii. Ombi la kuongezewa muda lilikataliwa mwaka 2023. Wakati haya yanaamuliwa, mitambo yote 365 ilikuwa inazunguka.

Siku nane kabla ya hukumu ya Meru, tarehe 11 Oktoba 2021, Mahakama ya Juu ya Norwei ilikuwa imetoa hukumu inayofanana nayo ajabu. Katika rasi ya Fosen mitambo 151 ya mashamba mawili ya upepo, Storheia na Roan, ilijengwa kwenye malisho ya majira ya baridi ya wafugaji wa paa wa kaskazini wa kabila la Wasami. Majaji 11 kwa kauli moja walisema vibali havikuwa halali kwa sababu vilivunja haki ya Wasami kuendeleza utamaduni wao, haki iliyomo katika kifungu cha 27 cha mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa. Mitambo haikubomolewa. Vijana wa Kisami waliandamana Oslo mapema 2023, na makubaliano na makundi mawili ya wafugaji yalifikiwa Desemba 2023 na Machi 2024. Paa wa kaskazini hukwepa mitambo, ngamia hawakwepi, kwa hiyo kesi hizi mbili si pacha kwa kila kitu. Zinafanana katika jambo moja la msingi: nchi tajiri na nchi inayoendelea zote zilijenga kwanza, zikauliza baadaye, na mahakama zikakuta minara imeshasimama.

Kinangop na Kipeto

Uwanda wa Kinangop katika Nyandarua una baridi, udongo mzuri na mashamba madogo. Mtu ana ekari mbili, tatu, za viazi, kabichi na ng'ombe wa maziwa. Huko kulipangwa shamba la upepo la megawati 60, lenye gharama ya dola milioni 144. Kila mnara ungehitaji mkataba na mwenye shamba, na umbali wa lazima ungegusa mashamba ya majirani ambao hawakuwa na mkataba wala malipo. Hapo pakaota uhasama: huyu amelipwa kwa sababu mnara uko kwake, yule amebaki na kelele, kivuli na uvumi kwamba ng'ombe watakosa maziwa. Hofu ya kuhamishwa ikaenea kwa watu ambao wazazi wao walinunua ardhi hiyo kwa jasho baada ya uhuru. Maandamano yalianza, mwandamanaji mmoja akapoteza maisha mwaka 2015, na Februari 2016 mradi ulifutwa. Majani ya uwanda huo, yaliyopunguzwa sana na kilimo, ndiyo ngome ya ndege mdogo aitwaye Sharpe's longclaw anayepatikana Kenya peke yake. Ndege huyo hakuwa sababu ya mradi kuanguka. Ulianguka kwa sababu ya watu.

Kipeto, katika Kaunti ya Kajiado, ilikwenda vingine. Ardhi ilikuwa imekwisha kugawanywa kutoka ranchi za pamoja, na kila familia ya Kimaasai ilishika hati yake. Kampuni ilikodi kwa mwenye hati mmoja mmoja, ikajenga nyumba mpya kwa familia zilizokuwa karibu mno na mitambo, na kukatengwa fungu la gawio kwa ajili ya jamii nzima, hata kwa wasio na mnara shambani. Mitambo 60 yenye mapanga ya kipenyo cha mita 103, jumla megawati 100, ilianza biashara mwaka 2021.

Shida ya Kipeto ilikuwa angani. Majabali ya Kwenia, huko huko Kajiado, ni mazalio ya tumbusi wa Rüppell, aliye katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na tumbusi mgongo-mweupe naye huruka eneo hilohilo. Mradi uliwekewa sharti lisilo la mita wala la ekari: sharti la wakati. Vijana wa maeneo hayo hukaa kwenye vituo vya kutazamia tangu asubuhi, darubini mkononi na redio ubavuni. Tumbusi akionekana anakuja upande wa mitambo, mmoja anaita chumba cha udhibiti, anataja namba ya mtambo, na mapanga yanasimamishwa hadi ndege apite. Mizoga ya mifugo huondolewa mapema ili tumbusi wasiwe na sababu ya kushuka. Utaratibu kama huo hutumika pia Misri, kando ya Ghuba ya Suez, kwenye njia kuu ya ndege wahamao. Umeme unaopotea ni mchache. Kijana anayejua kumtofautisha tumbusi na korongo kwa umbali wa kilomita mbili amegeuka kuwa sehemu ya mtambo kama ilivyo giaboksi.

Waya mrefu

Shamba la upepo haliishii kwenye mpaka wake. Umeme wa Marsabit ulihitaji laini ya kilovolti 400 yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400 hadi kituo cha umeme cha Suswa, na kila kilomita ilipita kwa mtu. Chini ya laini kama hiyo ukanda mzima huwekewa masharti: hakuna nyumba, hakuna mti mrefu. Majadiliano ya fidia yalichelewa, kisha mkandarasi wa Kihispania akafilisika. Mitambo ikamalizika 2017 na kusimama bila kazi mpaka laini ilipokamilika Septemba 2018, huku serikali ikidaiwa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukuweza kuchukuliwa. Laini ya nguvu hiyo pia haishushi umeme njiani bila kituo cha kupoza, kwa hiyo boma lililotoa ukanda laweza kulala na kibatari chini ya nyaya zinazowasha Nairobi. Kosa hilo ni la mipango, na linaweza kurekebishwa kwa kupanga vituo vidogo vya usambazaji tangu mwanzo.

Ikiwa kijiji chako kina upepo, mlingoti wa kupimia utafika kabla ya mkataba. Siku utakapouona, usingoje wageni waje na kalamu. Nenda ofisi ya kijiji au ya kaunti, uliza kama mpango wa matumizi ya ardhi umesajiliwa, na kama haujasajiliwa, itisheni mkutano muanze kuuchora: njia za maji, njia za mifugo, makaburi, malisho ya kiangazi. Kisha mkataba ukija, dai uandikwe kwa Kiswahili, na uulize namba mbili, moja ya ekari zitakazofunikwa na moja ya ekari zitakazoshikwa. Namba ya pili ikiwa kubwa kuliko inavyohitajiwa na mapanga, usitie dole gumba mpaka uambiwe ekari zilizozidi ni za nini.